Kiti cha daraja la biashara: nani Kanda ya Ziwa kinamlipa?

MWANZA – Boksi la minofu mibichi ya sangara halichagui kiti. Hufungwa kiwandani, hupimwa uzito, huandikiwa hati ya mzigo wa ndege na kusukumwa kwenye tumbo la ndege. Likifika Ulaya likiwa bado la baridi, mnunuzi hulipa bei kamili. Likichelewa, bei inashuka, na likichelewa zaidi halina bei kabisa.

Juu ya boksi hilo, umbali wa futi chache tu, hukaa abiria. Walio wengi wamebanana kwenye viti vya daraja la kawaida. Wachache wako mbele, kwenye viti vinavyolala kama kitanda, wakipewa chakula kwenye sahani ya udongo na si ya plastiki. Wote watafika dakika ile ile. Tofauti ni kwamba hao wa mbele huenda wamelipa mara tatu au mara nne ya wenzao.

Swali ambalo wafanyabiashara wa Mwanza, Geita, Musoma na Bukoba wanaosafiri kwenda Guangzhou, Dubai, Mumbai na Ulaya hujiuliza kila wanapofika kwa wakala wa tiketi ni moja: je, fedha ile ya ziada ni gharama ya biashara au ni anasa? Jibu linategemea kilichomo kwenye daftari la msafiri, na Ziwa lenyewe limekwisha kulitolea mfano kwa zaidi ya miaka thelathini.

SOMO LA SAMAKI

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Viwanda vya minofu viliposhamiri Mwanza katika miaka ya 1990, biashara yote ya ufukweni ilipangwa upya kwa kipimo cha saa. Ndege kubwa za mizigo zilianza kutua Mwanza kuchukua shehena ya samaki. Tarehe 3 Februari 2000 mojawapo, Boeing 707 iliyotokea Khartoum, iliangukia ziwani ilipokuwa ikikaribia uwanja. Watu wake 5 waliokoka. Baadaye sehemu kubwa ya mzigo ilihamia barabarani, ikienda kwa malori yenye majokofu hadi viwanja vya nchi jirani na kupakiwa huko.

Wenye viwanda walijifunza mapema kwamba si kila kitu kinachotoka ziwani kinastahili kupanda ndege. Minofu mibichi hupanda, kwa sababu kila siku inayopita inakula bei yake. Minofu iliyogandishwa hushuka bandarini na kwenda kwa meli, kwani ikiwa ndani ya kontena la baridi wiki kadhaa haziiharibu. Mabondo, ambayo wanunuzi wake wakubwa wako Hong Kong na China, yakishakaushwa hayaozi upesi, lakini ni mepesi na bei yake kwa kilo ni kubwa mno, kwa hiyo nauli ya ndege haiyaumizi. Dagaa wa Mwaloni Kirumba hupanda lori, kwa kuwa gunia la dagaa haliwezi kubeba nauli ya ndege hata kidogo.

Kanuni inayotoka hapo ni rahisi. Mwendo na uangalizi hulipiwa kwa kadiri ya thamani inayopotea bila hivyo. Hakuna mwenye kiwanda anayempandisha dagaa ndege kwa sababu jirani yake amempandisha sangara.

Msafiri naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo. Kinachotakiwa kujulikana si kama ana uwezo wa kununua kiti cha mbele, bali ni nini hasa kinachoharibika akikaa nyuma.

KITI KILIKOTOKA

Daraja la biashara si la zamani kama wengi wanavyodhani. Wakati East African Airways iliponunua ndege zake za Super VC10 katika miaka ya 1960, abiria waligawanywa makundi mawili tu: daraja la kwanza na daraja la kawaida. Shirika hilo, lililoanzishwa 1946, lilivunjika 1977 na Tanzania ikaunda shirika lake mwaka huo huo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ndipo mashirika makubwa ya Uingereza, Marekani na Australia yalipogundua tatizo. Kulikuwa na wasafiri wa kazi waliolipa nauli kamili ya daraja la kawaida kwa sababu walikata tiketi dakika za mwisho na walitaka uhuru wa kubadili tarehe. Walijikuta wameketi bega kwa bega na watalii waliolipa nusu. Mashirika yakawatenga kwa pazia, yakawaongezea nafasi ya miguu na kinywaji. Kwa hiyo kiti hicho kilianza kama malipo ya uhuru wa tarehe. Kitanda kilikuja miaka zaidi ya ishirini baadaye, pale British Airways ilipoweka viti vinavyolala sawasawa katika daraja hilo mwaka 2000, na wengine wakalazimika kufuata.

Historia hiyo ina maana kwa mnunuzi wa leo. Tiketi ya daraja la biashara huuza vitu vinne kwa pamoja: usingizi, uzito wa mizigo, uhuru wa kubadili safari na huduma za uwanjani kama foleni fupi na chumba cha mapumziko. Mfanyabiashara hulipia vyote vinne hata kama anahitaji kimoja. Aidha, si kila tiketi ya daraja hilo ina uhuru wa tarehe. Siku hizi zipo za bei ya chini ambazo zikibadilishwa hutozwa faini, na nyingine hazirejeshewi fedha. Anayenunua kiti cha mbele akidhani kimekuja na uhuru wote huenda amenunua kitanda tu.

HESABU YA DOLA 2,500

Ili jambo lieleweke, uchukuliwe mfano wa muuza vipuri vya pikipiki wa Mwanza anayekwenda Guangzhou kuagiza kontena moja. Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji anaweza kuweka zake.

Tiketi ya kawaida ya kwenda na kurudi iwe dola 1,000. Ya daraja la biashara iwe dola 3,500. Tofauti ni dola 2,500. Faida yake halisi, baada ya ushuru, usafiri na pango, iwe asilimia 5 ya mauzo. Ili kuirudisha tofauti ile kwa faida, anahitaji kuuza bidhaa za ziada zenye thamani ya dola 50,000. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aombe tena daftari.

Lakini haki itendeke, kwani kiti cha mbele nacho kinarudisha kitu. Mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la biashara vipande viwili vya kilo 32, yaani kilo 64, dhidi ya vipande viwili vya kilo 23, yaani kilo 46, kwa wa kawaida. Nyongeza ni kilo 18 kila upande, au kilo 36 kwa safari nzima. Ikiwa kilo ya ziada ingetozwa dola 10, hapo ameokoa dola 360, kwa sharti kwamba kweli anazo sampuli za kujaza kilo hizo.

Kama tiketi inaruhusu kubadili tarehe bila faini, ameokoa labda dola 200, kwa sharti kwamba kweli atabadili. Akifika amelala vizuri na kuanza kazi siku ile ile, ameokoa siku moja ya hoteli na chakula, tuseme dola 120. Jumla ni dola 680. Zinabaki dola 1,820 ambazo hazijapata mwenyewe.

Wauzaji wa tiketi husema kiasi hicho hulipwa na akili iliyotulia. Hoja hiyo si ya kupuuza. Kontena la dola 60,000 likinunuliwa na mtu mwenye usingizi, kosa la asilimia 3 kwenye bei ni dola 1,800. Kosa la kupitisha sampuli mbovu linaweza kuzidi hapo mara kumi. Kwa hiyo ikiwa uchovu utamgharimu zaidi kidogo ya asilimia 3, kiti kimejilipa.

Hata hivyo hapo ndipo penye mtego. Usingizi hauuzwi angani tu. Mfanyabiashara yule yule akipanda daraja la kawaida, akafika siku moja mapema na kulala hotelini, amenunua akili ile ile iliyotulia kwa dola 120. Dola hizo 120 za usingizi wa kitandani tayari zimehesabiwa ndani ya zile 680. Tofauti iliyobaki, dola 1,820, si bei ya usingizi tena. Ni bei ya siku moja.

Basi swali linageuka na kuwa wazi zaidi: siku moja ya mwenye biashara ina thamani gani akiwa hayupo dukani? Mwenye duka Makoroboi ambaye mdogo wake anaweza kukaa kwenye kaunta kwa siku moja zaidi, siku hiyo haimgharimu dola 1,820. Mnunuzi wa dhahabu ambaye mtaji wake umelala sokoni bei ikipanda na kushuka, au meneja wa kiwanda cha minofu ambaye mkataba unasubiri saini yake, huenda inamgharimu zaidi ya hapo.

SAA ZA DUNIA

Jambo jingine ambalo wasafiri wengi hawalipi uzito ni upande wa safari. Uchovu wa safari ndefu una sehemu mbili: kukaa macho usiku kucha, na mwili kupoteza majira.

Dubai iko mbele ya Tanzania kwa saa 1 tu, na safari kutoka Dar es Salaam huchukua saa tano hadi sita. Mtu anayenunua kitanda kwa safari ya mchana ya saa tano amenunua kitu ambacho hatakitumia. Amsterdam iko nyuma kwa saa 1 wakati wa kiangazi cha Ulaya na saa 2 wakati wa baridi. Safari ni ndefu, na ikiwa ya usiku inachosha, lakini mwili haupotezi majira. Usiku mmoja wa kulala unatosha.

China ni habari nyingine. Guangzhou iko mbele kwa saa 5. Anayefika huko saa 3 asubuhi, mwilini mwake bado ni saa 10 alfajiri, na anatakiwa kuingia sokoni au kwenye Maonyesho ya Canton, ambayo yamekuwa yakifanyika jijini humo tangu 1957 na huitishwa mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na Oktoba. Kama kuna safari ambayo kulala ndani ya ndege kuna maana ya kibiashara kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, ni hii, na hasa ile ya usiku ya kwenda.

Ndiyo maana wasafiri wenye uzoefu huigawa tiketi. Mashirika mengi yanakubali msafiri akate daraja la biashara upande mmoja na la kawaida upande mwingine. Kwenda kununua, mtu alale. Kurudi nyumbani, kazi imekwisha na kitanda chake kinamsubiri Nyakato au Bugando. Wapo pia wanaotumia pointi za safari walizokusanya, au wanaosubiri shirika liwauzie kupandishwa daraja siku chache kabla ya safari, wakati viti vya mbele vimebaki vitupu.

HASARA YA TIKETI MBILI

Kwa mtu wa Mwanza kuna hatari moja ambayo wa Dar es Salaam haijui. Safari ndefu kwake haianzi na ile ndege kubwa. Inaanza na ndege ya ndani hadi Dar es Salaam au Kilimanjaro, na wengine huvuka mpaka kwa basi kupitia Sirari au Mutukula ili wapande ndege Nairobi au Entebbe.

Wengi hununua tiketi mbili tofauti: moja ya Mwanza hadi Dar es Salaam, nyingine ya kuendelea. Mvua kubwa ikishuka ziwani na ndege ya kwanza ikachelewa saa tatu, shirika la pili halina wajibu wowote. Kwake, abiria hakutokea. Tiketi ya dola 1,000 ikipotea inauma. Ya dola 3,500 ikipotea, inaondoka na mtaji wa mtu.

Dawa yake si kiti cha mbele. Ni tiketi moja inayounganisha safari yote, hata kwa daraja la kawaida. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya aliyeuza tiketi kumtafutia abiria ndege nyingine, na begi huandikishwa Mwanza hadi mwisho wa safari pale mashirika yanapokuwa na makubaliano. Pale ambapo tiketi moja haipatikani, kufika Dar es Salaam jana yake ni bima ya bei ndogo kuliko zote.

UPANDE WA SHIRIKA

Kwa mwekezaji mdogo anayetazama biashara ya anga kutoka nje, viti vya mbele vinaonyesha fedha hutoka wapi. Boeing 787-8 ya Air Tanzania, ambayo ya kwanza ilipokelewa Julai 2018, ina viti 262: 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Ndege za aina hiyo zimetumika katika safari za Mumbai, zilizoanza Julai 2019, na za Guangzhou. Airbus A220-300 ina 12 vya mbele na 120 vya nyuma. Dash 8 Q400 ina 6 na 70.

Viti 22 kati ya 262 ni kama asilimia 8 tu. Lakini kama kila kimoja kinauzwa kwa nauli nne za kawaida, viti hivyo 22 ni sawa na viti 88, na ndege ikijaa vinaleta takriban asilimia 27 ya mapato yote ya nauli. Vikiondoka vitupu, ndege inaonekana imejaa kwa macho ya walioko nyuma huku zaidi ya robo ya mapato yaliyotarajiwa imebaki uwanjani.

Ndiyo sababu mashirika ya Ghuba, Ulaya na Ethiopia hupigania mtu mmoja wa mbele kuliko kumi wa nyuma. Air Tanzania bado ina mlima wa kupanda. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56 kwa mwaka wa fedha 2022/23 na zaidi ya bilioni 91 kwa 2023/24. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika hilo kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuingia anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika mengine yote yaliyosajiliwa Tanzania. Wenye viwanda vya minofu, ambao walikwisha kuonja vizuizi vya Ulaya kwa samaki mwishoni mwa miaka ya 1990, wanajua kwamba orodha ya namna hiyo haiondoki kwa maombi bali kwa ukaguzi.

Aidha, mzigo wa chini na abiria wa juu hutegemeana. Ndege ya abiria inayopata minofu ya kutosha tumboni inaweza kumudu njia ambayo kwa viti peke yake isingelipa.

NENO LA KODI

Mwenye kampuni na mwenye duka dogo hawalipi bei ile ile hata wakikaa viti vinavyofuatana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu kutoa gharama zilizotumika kikamilifu katika kuzalisha mapato. Kampuni yenye faida inayotozwa asilimia 30, ikiwa na risiti na barua ya mwaliko wa kibiashara, tofauti ya dola 2,500 inaigharimu dola 1,750 baada ya kodi. Mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio ya mauzo hatoi gharama yoyote. Kwake dola 2,500 ni dola 2,500.

Na safari iliyochanganywa na harusi ya ndugu, au tiketi ya mtu asiyehusika na biashara, si gharama ya biashara kwa macho ya mkaguzi.

KWA MSOMAJI

Kwa hesabu hizo, muuzaji wa bidhaa za kontena moja kwa mwaka hana sababu ya kukaa mbele. Afike siku moja mapema, alale, kisha aingie sokoni. Tofauti ya nauli ibaki kwenye mzigo. Anayesafiri mara nne au tano kwa mwaka kwenda China anaweza kufikiria upande mmoja wa usiku, kwa pointi au kwa kupandishwa daraja. Mwenye mkataba ambao siku moja ya kuchelewa ina bei inayojulikana na iliyoandikwa, huyo anunue bila kuona haya, na aweke risiti.

Kabla ya kulipa, kila mmoja amuulize wakala mambo matatu na apewe majibu kwa maandishi: tiketi ikibadilishwa inatozwa kiasi gani, safari nzima kutoka Mwanza iko kwenye tiketi moja au mbili, na kiti cha ndege hiyo hasa kinalala sawasawa au kinaegemea tu. Wapo waliolipia kitanda wakakuta kiti kipana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nauli nayo iandikwe humo, safu ya gharama, na mwisho wa mwaka isomwe pamoja na faida ya kila safari. Hapo ndipo mwenye biashara atakapojua kama yeye ni minofu mibichi au ni dagaa.